Safu Ambayo Haikuwamo Daftarini

Simu zilikuwa kumi na mbili, zimepangwa mezani bega kwa bega kama watoto waliolazwa usingizi wa mchana, kila moja na waya wake wa chaji. Hakuna mkono uliozigusa, lakini vioo vyake havikutulia. Kitufe kinabonyea chenyewe, ukurasa unafunguka, maneno yanajiandika, yanajifuta, yanaanza upya. Kompyuta iliyowekwa pembeni ndiyo iliyokuwa ikizichezesha zote, kutwa nzima, bila chai wala kunyoosha mgongo. Mgeni akiingia chumba kile mara ya kwanza hurudi nyuma hatua moja.

Mbele ya meza palikuwa na kiti kimoja, na kwenye kiti mwanamke mwenye kaunta buku, rula na kalamu mbili za bluu. Ofisi nzima walimwita Dada Daftari, hata meneja. Jina lake la kwenye kitambulisho lilibaki kwa ajili ya mlinzi wa getini tu.

Kazi yake ilikuwa moja. Kila robo saa alisoma namba ndogo ya kijani iliyokaa pembeni juu ya kila kioo, akaiandika. Namba ile ilionyesha programu inayojaribiwa imechukua memori kiasi gani ndani ya simu. Alivyoelezwa, memori ni kama meza ya jikoni. Programu inatandaza vyombo vyake pale ikiwa inafanya kazi, na ikimaliza inatakiwa iviondoe. Isipoviondoa meza inajaa, na simu inabaki imesimama na sahani mkononi, haijui iiweke wapi.

"Sasa kompyuta si ingeandika yenyewe?" aliuliza siku ya kwanza.

Fundi Mkuu, mwanamume mrefu ambaye miwani yake ilishikizwa na gundi kwenye sikio moja, alicheka. "Tulijaribu, dada. Programu ya kurekodi ipo. Lakini simu zenyewe hizi ndogo, na hiyo ya kurekodi nayo inataka memori yake. Ni kama unampima mtoto uzito huku umembeba."

Hilo alilielewa hapo hapo. Nyumbani alikuwa na binti wa miaka mitatu, na mizani za kliniki alizijua.

Ofisini humo alikuwa ameingia na ndoo na tambara la kupigia deki. Siku moja alibandika karatasi mlangoni: Sakafu imelowa, pita taratibu. Fundi Mkuu akasimama palepale palipolowa, anaisoma karatasi kama barua iliyotoka mbali. "Nani kaandika hii?" Yeye akajua kazi imekwisha. Kumbe mwandiko. Mwandiko wa shule ya msingi, herufi zimesimama wima, kila moja imeshika mstari wake. Shule aliishia hapo, lakini mwandiko aliondoka nao.

Aliyemfundisha kazi ni mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akistaafu wiki hiyo. Alimfundisha siku mbili, na siku ya pili, akiwa anafunga mkoba wake, akamwinamia sikioni.

"Mwanangu, kuna jambo. Simu huwa zinaganda. Ikiganda usipige kelele. Vijana wa hapa ukiwaita kwa kila kitu watakuona mzigo. Bonyeza hapa ubavuni, hesabu mpaka saba, itazima. Iwashe, fungua programu, endelea. Namba itakayokuja andika hiyo hiyo."

"Basi?"

"Basi. Miaka minne nimefanya hivyo, nimekula nao vizuri."

Naye akafanya hivyo. Alikuwa na mikono ya upole. Simu ikiganda aliinyanyua, akaifuta kioo kwa ncha ya kitenge chake, akabonyeza ubavuni huku anahesabu kimoyomoyo. "Haya, amka mama," aliiambia. Ikiwaka anairudisha mezani, kompyuta inaidaka na kuendelea kuichezesha, na yeye anaandika namba mpya, ndogo, safi. Kwenye kaunta buku kulikuwa na safu ya saa, safu kumi na mbili za simu, na safu ya sahihi yake. Ya kuandika "nimeiamsha" haikuwapo, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Programu waliyoijaribu mwaka huo ilikuwa ya wodi za watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Simu inatundikwa ukutani, inajua kila mtoto wa chumba kile na kitanda chake. Saa yake ya maziwa ikifika inalia, inaonyesha apewe kiasi gani, na nesi akimaliza anaigusa kusema tayari. Waliijaribu mwezi mzima. Mwisho wa mwezi Fundi Mkuu alichukua daftari, akaziingiza namba kwenye kompyuta, akachora grafu. Mstari ulipanda, ukashuka, ukapanda, ukashuka, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Mnaiona?" aliwaambia wenzake, anaufuata mstari kwa kidole. "Inapumua. Ikijaa inajisafisha yenyewe. Sijaona programu yenye adabu kama hii."

Siku ile walikunywa soda. Meneja akamwomba Dada Daftari aandike kwa mkono wake tangazo la kubandika chini ya kila simu, maana herufi za kompyuta watu hawazisomi siku hizi, wamezizoea. Akaandika: Tafadhali usiiguse simu hii isipokuwa wewe ni nesi wa zamu. Usiizime. Wakatoa nakala, zikaenda na simu kwenye wodi mia moja.

Miezi mitatu baadaye mdogo wake akajifungua akiwa na mimba ya miezi saba.

Mtoto alikuwa wa kiume, kilo moja na gramu mia tatu na themanini, mikono kama vijiti vya kiberiti. Baba yake dereva wa lori, alikuwa safarini, akawa anapiga simu kila anaposimama kujaza mafuta. Daktari alisema neno moja tu, na neno hilo ndilo lililotawala nyumba nzima: mtoto atatoka akifika kilo moja na mia nane. Kabla ya hapo, hapana. Na chini ya pale alipoanzia, asishuke.

Wodi ilikuwa mitaa miwili kutoka ofisini. Dada Daftari alifika jioni ya saa kumi na moja, baada ya kazi, na chupa ya uji mkononi. Alipoingia chumba namba moja kitu cha kwanza kukiona kilikuwa simu ukutani, na chini yake mwandiko wake mwenyewe. Aliona haya kama mtu aliyekuta picha yake imebandikwa njiani.

"Hiyo si ndiyo yenu?" mdogo wake aliuliza kutoka kitandani, mtoto kamlaza kifuani, kamfunika mpaka kofia tu ndiyo inaonekana.

"Ndiyo yetu."

"Basi mwambie mama mkubwa," mdogo mtu akaiambia ile kofia, "mwambie kitu chao kizuri, kinatuita kama mabosi."

Wakacheka. Wiki ya kwanza mtoto alipanda gramu themanini. Sista wa zamu ya mchana, mwanamke mnene mwenye viatu visivyotoa sauti, aliyeitwa na kina mama wote Sista Mizani kwa jinsi alivyoziamini mizani kuliko daktari, alisema, "Huyu ana nia." Sifa kubwa kuliko hiyo Sista Mizani hakuwa nayo.

Wiki ya pili mtoto akashuka arobaini.

"Anakunywa?" Dada Daftari aliuliza.

"Akiitwa anakunywa. Nakamua, nampa kwa kikombe, anamaliza yote."

"Na anaitwa?"

Mdogo wake akafikiri. "Leo naona kama hatujaitwa sana. Lakini hajalia. Hawa hawalii, dada. Njaa ikiwashika wanalala tu."

Dada Daftari aligeuka kuitazama simu. Kioo kilikuwa kinawaka vizuri, majina ya vitanda yamejipanga, rangi zote zipo. Mtu mwingine angesema iko hai. Yeye akatazama pembeni juu, kwenye saa ndogo. Saa ya simu ilisema saa nne na robo. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na moja na dakika tano.

Aliujua uso ule. Alikuwa ameuona zaidi ya mara mia. Kidole gumba chake hakikungoja ruhusa yake. Kikaenda ubavuni mwa simu, kikabonyeza, midomo ikahesabu, moja, mbili, tatu. Ikazima. Akaiwasha, akafungua programu, akaandika namba ya siri, ambayo ilikuwa ileile ya kwenye meza yao. Simu ikakaa kimya kidogo, kisha ikaanza kulia, kitanda cha kwanza, cha pili, cha nne, cha tano, vyote kwa pamoja, maziwa ya saa sita, ya saa nane, ya saa kumi. Kina mama wakainuka vitandani, mmoja anatafuta kikombe, mwingine ndala.

"Umeifanyaje?" mdogo wake akauliza.

"Nimeiamsha tu," alisema.

Neno likamtoka kinywani, naye akalisikia. Akakaa kwenye ncha ya kitanda. 

Asubuhi aliwahi ofisini kabla ya mlinzi kubadilishana zamu. Akatoa makaunta buku ya mwezi ule, akayafungua moja baada ya jingine. Simu namba tatu, saa saba kamili: mia mbili na tisini. Saa saba na robo: tisini na nne. Hapo niliiamsha. Simu namba tisa, vilevile. Hapa niliiamsha nikiwa nimetoka kunawa, kidole kikaacha alama ya maji, ndiyo hii. Mwandiko mzuri, safi, umenyooka, na kila mahali mstari wa Fundi Mkuu uliposhuka ni yeye aliyeushusha kwa kidole gumba. Programu haikuwa imeondoa chombo hata kimoja mezani. Ilikuwa inajaza tu mpaka inaganda, na yeye anakuja nyuma yake kupangusa.

Fundi Mkuu alipoingia alimkuta amesimama.

"Kaka, ile programu haijisafishi."

Akamweleza yote. Hakumtaja yule mama mstaafu; aliona haina maana kumchimbua mtu aliyekwisha kwenda kupumzika. Fundi Mkuu alivua miwani, akaishika kwenye gundi yake, akaitazama grafu bila miwani, kama vile asipoiona sawasawa itakuwa nafuu.

"Mbona hukuandika?"

"Wapi, kaka? Hakukuwa na safu."

Fundi Mkuu akaivaa miwani. Zile safu alizichora yeye.

Walikwenda kwa meneja pamoja. Meneja hakuwa mtu mbaya. Aliwapa viti, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta daftari karibu na kuligonga kwa ukucha.

"Wanaoiandika programu wako jengo jingine. Nikiwaambia inajaza memori watasema nionyeshe. Nitawaonyesha nini? Daftari linasema haijazi."

"Daftari nimeliandika mimi, bosi."

"Ndiyo. Na ndilo tunaloliamini."

"Nawaambia sasa kwamba..."

"Dada Daftari, nakusikia. Lakini maneno ya mdomo siwezi kuyachora grafu." Akamgeukia Fundi Mkuu. "Rudieni. Siku kumi na tano za kazi, simu zote, bila mkono wa mtu. Namba zikitoka, wenzetu watarekebisha. Simu za wodini hazina intaneti, kwa hiyo mtu atazunguka na waya, wodi moja baada ya nyingine. Mwezi na nusu hivi, tukikimbia."

"Na zile wodi kwa sasa tuziambie nini?" Fundi Mkuu akauliza.

"Barua itatoka tukiwa na uhakika. Sasa hivi tukisema tu zinaganda, zitang'olewa zote, hata zinazofanya kazi."

Mwezi na nusu. Dada Daftari alipiga hesabu ya gramu njia nzima ya kurudi kwenye kiti chake, na kila alipoipiga ilimshinda.

Akachora safu mpya kwa rula, upande wa kulia. Juu yake akaandika: Imeganda. Halafu jaribio likaanza, na kazi yake ikawa ile ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha: kutogusa.

Hakujua kuwa ni ngumu hivyo. Saa mbili asubuhi simu zinaanza na tisini na kitu, zote changamfu. Saa nne, mia moja na sabini. Saa sita, mia mbili na arobaini. Anaziona zinavyopanda, kidogo kidogo, hakuna inayorudi nyuma, na kadiri zinavyopanda ndivyo vitufe vinavyobonyea kwa uzito, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Saa saba na ushee moja inasimama. Kisha ya pembeni yake. Mwanzoni mkono wake uliinuka wenyewe mara mbili, akaukamata kwa mkono mwingine. Fundi Mkuu alimwona.

"Ukalie, dada," alisema, na hakuwa anatania.

Akaukalia kweli. Akatazama simu zikiganda zote kumi na mbili, huku akijua kuna ya kumi na tatu mitaa miwili kutoka pale, na ya kumi na nne, na kuendelea mpaka mia na zaidi.

Jioni alimfuata Sista Mizani akamwambia ukweli, barua itoke isitoke. Walisimama kwenye kisinki, sista ananawa mikono mpaka viwiko.

"Kwa hiyo hii kitu inalala," sista alisema.

"Kila baada ya masaa matano hivi."

"Mbona usiku hailali? Ripoti ya usiku ilikuwa safi siku zote, mpaka juzi."

Hilo likamshangaza Dada Daftari. Wakaulizana, wakaulizana, likaja kujulikana. Nesi wa usiku alikuwa na tabia ya kuchomoa chaji ya simu ya ukutani ili achaji yake ya mkononi. Betri inaisha, simu inazima, anairudishia waya, anaiwasha, inazima tena kabla ya alfajiri, anaiwasha. Bila kujua ndiye aliyekuwa akiwalisha watoto. Juzi Sista Mizani alimkuta na waya mkononi, akamgombeza mbele ya kina mama, akamkataza kabisa.

Sista Mizani alifunga bomba la maji. "Yaani nilimtoa machozi mtoto wa watu." Akacheka kidogo, cheko ambalo halikufika machoni. "Basi nitamwambia achomoe."

"Na mchana, sista? Si mngerudi kwenye makaratasi?"

"Makaratasi yalibebwa siku simu zilipokuja. Nimeandika kuomba, sijajibiwa. Watoto arobaini na mmoja, vyumba vitatu, kila mmoja na saa yake na kipimo chake, na sisi wawili. Kichwani haviingii, mama. Nimejaribu leo, nimempa mmoja mara mbili, akatapika."

"Basi niruhusuni niiamshe mimi. Nitakuja saa sita na saa kumi na moja."

Sista akalitazama tangazo ukutani. "Hili linasema asiguse mtu."

"Hilo nimeliandika mimi."

"Umeandika vizuri sana," Sista Mizani alisema, "ndiyo maana tunalifuata." Alipangusa mikono polepole. "Chumba hiki ni changu, simu yake nimeisainia mimi. Njoo. Namba mbili na namba tatu ni za mwenzangu, nimemwambia, hataki. Anasema ikifa mkononi mwake ataandika maelezo mpaka astaafu. Na simlaumu."

Ndivyo siku zikaanza kwenda. Saa sita kamili anatoka ofisini nusu anatembea nusu anakimbia, kandambili mkononi siku za matope, anafika, ananawa, anaiamsha simu, anangoja ilie, anamshika mtoto kidogo kwenye kofia. Alinunua daftari la shule la kurasa arobaini na nane, akachora safu nne: saa, kitanda, uzito, na ya mwisho, nimeiamsha.

Mtoto alipanda kumi. Akapanda ishirini. Jumamosi zamu ya mchana ilikuwa ya sista mwingine, kijana, mpole, mwoga. Alisimama mbele ya simu na mikono nyuma.

"Samahani dada, mimi sina maelekezo hayo."

"Mwulize Sista Mizani."

"Nimempigia, hapokei. Na hapa pameandikwa."

Dada Daftari aliusoma mwandiko wake mwenyewe juu ya bega la binti yule, herufi kwa herufi. Aliketi kwenye kitanda cha mdogo wake, wakawa wanatazama saa ya ukutani na kumlisha kwa kukisia. Wakikisia kidogo, mtoto anabaki na njaa yake kimya kimya. Wakikisia zaidi, anatema. Jumatatu mizani ikasema ameshuka thelathini na tano.

"Dada," mdogo wake alimwambia siku hiyo, na hakumtazama. "Wewe kila siku unakaa nazo. Hamwezi kuwaambia tu waliotengeneza?"

"Wameambiwa wangoje namba."

"Namba si hizi?" Akaonyesha mtoto.

Dada Daftari akanyoosha mkono kwa mtoto. Alimfunga vizuri kofia.

Siku ya kumi na mbili ya jaribio, namba zilikuwa zimejaza kaunta buku mbili. Fundi Mkuu alikuwa akizibeba kila jioni kwenda jengo jingine bila kungoja siku ziishe, akirudi akisema wamezipokea, wanaziangalia, wanazo kazi nyingine mbele ya hii. Siku hizi alikuwa amekonda shingo. Hakumlaumu tena Dada Daftari. Alimletea maji ya kunywa, akaondoka.

Saa sita akakimbia kama kawaida. Sista Mizani alikuwapo. Simu ilikuwa imesimama tangu saa tano kasoro dakika tano. Akaiamsha, ikalia, kina mama wakaamka. Mtoto akawekwa kwenye mizani bila nguo, miguu inatetemeka hewani, wote watatu wakashika pumzi mpaka namba iliposimama. Kilo moja, mia nne na ishirini na tano. Jana mia nne na kumi na tano.

"Kumi zaidi ya jana, na... hapana," mdogo wake akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Tangu jaribio lianze mtoto alikuwa amepanda gramu tano.

"Hajashuka," Sista Mizani alisema. Ndiyo sifa iliyokuwapo siku hiyo.

Dada Daftari aliandika. Saa, kitanda, uzito, nimeiamsha. Alipokuwa anafunika kalamu, mwanamke mmoja akasimama mlangoni, khanga kaishika kwa mkono mmoja tumboni, anatembea kama mtu aliyeshonwa karibuni.

"Samahanini. Nimesikia hapa kuna dada anayeamsha simu."

Kina mama wakageuka kumtazama Dada Daftari.

"Ni mimi," Dada Daftari alisema. "Unatoka wapi?"

"Namba tatu. Yetu tangu asubuhi imetulia tu. Mwanangu alikuwa ananyonya, leo nikimgusa hata hafumbui macho."

Akamgeukia Sista Mizani. Sista alikuwa tayari anatembea, viatu vyake havitoi sauti, anapita ubavuni mwa yule mwanamke kwenda kumtazama mtoto kwa macho yake mwenyewe. Mlangoni aligeuka. "Wewe usije. Mwenzangu akikukuta huko hata hapa hutaingia tena."

Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro dakika nane. Mwanamke wa namba tatu alikuwa bado amesimama, anamtazama kidole gumba.

Dada Daftari alimshika mkono, wakatembea pamoja mpaka kwenye pembe ya korido, na njiani akamwambia kwa sauti ndogo, pole pole, kama anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu: ubavuni, upande wa kulia, bonyeza, hesabu mpaka saba, usiogope ikiwa giza. Akamtajia namba ya siri, mara mbili.

"Na wakiniona?"

"Waambie umeiona inazima."

"Nimekuwa mwongo leo," mwanamke alisema, akajaribu kutabasamu. "Mpaka saba?"

"Mpaka saba."

Hakujua kama ataweza. Hakujua kama atapata nafasi, wala kama mtoto wake ana masaa ya kungoja apate. Korido ya namba tatu ilikuwa na mlango wa kioo chenye ukungu, na mwanamke alipopita kivuli chake kilibaki kidogo, kikayeyuka.

Saa saba kamili alikuwa kwenye kiti chake, anahema, miguu ina vumbi. Simu kumi na mbili zilikuwa zinabonyea kwa uzito. Mia mbili na themanini na sita. Mia mbili na themanini na tisa. Saa saba na dakika kumi simu namba nne ikasimama, kioo kinawaka, rangi zote zipo.

Akachukua kalamu, akaandika kwenye safu ya kulia, kwa mwandiko wake ulionyooka: Imeganda. Akafikiri kidogo, akaongeza neno jingine ambalo halikuwa na safu: Sijaigusa.

Kisha akairudisha mikono mapajani, akaanza kuhesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, pamoja na mtu wa chumba namba tatu.